Mjadala: Veterani wa Marekani arudishiwe ada ya mtihani wa leseni bila kukatwa miezi yake ya shule? Tuongee

MSTAAFU WA TACOMA (mwanzisha mada)

Wadau salaam. Wiki hizi naona vijana wetu waliotoka jeshi la Marekani wanaulizana sana kuhusu hii hela ya kurudishiwa ada ya mtihani wa leseni na vyeti vya kazi, kila mtu anajibu la kwake na nusu ya majibu sio sahihi, kwa hiyo naomba tuijadili vizuri hapa. Msimamo wangu nausema mapema ili nisiwapotezee muda: kurudisha hii hela ni haki kabisa, ila utaratibu wenyewe ni mbovu. Haitakiwi ikatwe kwenye miezi ya shule ya mtu, na haitakiwi mtu atoe mfukoni kwanza ndo aje arudishiwe baadaye.

Kwa wasiojua iko hivi. Ukitumikia jeshi la huku ukatoka kwa heshima unapata GI Bill, na hii ya sasa iliyoanza Agosti 2009 inakupa miezi 36 ya shule, yaani ada, hela ya nyumba kila mwezi unapokuwa darasani na hela ya vitabu mpaka dola 1,000 kwa mwaka. Sasa sio kila mtu anataka kukaa chuo miaka minne. Wengine wanataka leseni tu waingie kazini, unesi, umeme, ufundi wa ndege, kompyuta, udalali wa nyumba, hata uwakili. Kwa hao idara ya maveterani inarudisha mpaka dola 2,000 kwa kila mtihani na idadi ya mitihani haina mwisho. Ukifeli unarudishiwa, ukirudia unarudishiwa tena, na cheti kikiisha muda ukafanya mtihani wa kukihuisha nao pia unarudishiwa. Mtihani lazima uwe kwenye orodha waliyoidhinisha, unajaza fomu namba 22-0803 na kuambatanisha risiti. Kisichorudishwa ni ile ada ya jimbo kukupa leseni yenyewe, wao wanalipia mtihani tu.

Inaonekana nzuri eeh? Ngoja sasa. Hiyo hela haitoki hewani, inakatwa kwenye miezi yako 36. Zamani ilikuwa dhuluma ya wazi kabisa, mtihani wa dola 60 ulikuwa unakukata mwezi mzima wa shule, mwezi mzima jamani, mpaka ile sheria ya Colmery ya 2017 ilipobadilisha kuanzia Agosti 2018 ikawa unakatwa kulingana na bei halisi ya mtihani. Kwa hiyo wameshakubali kwamba palikuwa na kosa, wakarekebisha nusu, nusu nyingine wakaiacha. Na kile kikomo cha dola 2,000 kipo palepale tangu mpango uanze Machi 2001! Bei ya mitihani ya 2001 na ya leo ni sawa kweli?

Karibuni, na wanaopinga waje na hoja.

MLIPAKODI HALALI

Mimi napinga na sioni aibu. Nimekuja nchi hii bila kuvaa gwanda la mtu, nimeosha wazee usiku nikiwa CNA, yaani msaidizi wa nesi, nikasoma, NCLEX, ule mtihani wa leseni ya unesi, nikalipa dola 200 zangu mwenyewe na ada ya jimbo juu yake. Hakuna aliyenirudishia hata senti. Sasa mwanajeshi kalipwa mshahara miaka yote hiyo, kalala bure, kala bure, uraia kapata haraka kuliko sisi tuliosubiri miaka mitano, ana mkopo wa nyumba bila kutanguliza hata dola, ana GI Bill, halafu tena mtihani wa dola 200 utoke kwenye kodi yangu? Na akifeli mara nne nimlipie mara nne? Mtu ambaye hajatoa hela yake hasomi, huo ndo ukweli.

FUNDI NDEGE

Mlipakodi kaka, hapo kwenye kufeli umeenda mbali. Mimi nilikuwa fundi wa helikopta jeshini, nimetoka na uzoefu wa miaka lakini uraiani bila ile leseni ya ufundi wa ndege inayoitwa A&P huruhusiwi kusaini kazi, wewe ni msaidizi tu wa kupokeza spana. Shirika la usafiri wa anga linataka miezi 30 ya uzoefu ndo upewe ruhusa ya kufanya mitihani ya upande zote mbili, mwili wa ndege na injini. Halafu kuna mitihani mitatu ya kuandika, kila mmoja na ada yake, ukimaliza unamtafuta mtahini akufanyie wa mdomo na wa vitendo na huyo anajipangia bei mwenyewe. Ukijumlisha vyote sio hela ya mboga hiyo. Na hakuna mtu anayejitesa na huo mtihani wa mdomo kwa raha zake kwa sababu serikali itamrudishia, ukifeli umepoteza siku, umepoteza nafasi ya kazi, na unarudi nyumbani kuwaangalia watoto usoni. Hizo dola ndo kitu kidogo kuliko vyote alivyopoteza.

Kinachoniuma mimi ni kulipa kwanza. Unatoka jeshini, mshahara wa mwisho umeingia, kodi ya nyumba sasa ni juu yako, bima juu yako, na hapo hapo ndo unatakiwa utoe hela ya mitihani. Mwenye akiba atalipa na kurudishiwa. Asiye na akiba ataenda kubeba mizigo ghalani na ufundi wake kichwani, na haki yake kwenye karatasi inabaki ilivyo.

NESI WA DALLAS

Wacha nichangie juu nimeona watu wanaongea na hisia na hakuna mtu amepiga hesabu. Mimi ni veterani na ni nesi, so najua pande zote mbili.

Ukiomba urudishiwe hiyo dola 200 ya NCLEX, kwa sheria ya sasa inakata kama siku mbili na nusu hivi ya miezi yako. Sasa jiulize, hizo siku mbili na nusu ungezitumia shuleni zingekuletea nini? Ukiwa darasani unalipiwa ada na bado unapewa pesa ya nyumba, na hiyo ya nyumba kwa miji mingi inapita dola 1,500 kwa mwezi. Ukiomba pesa ya mtihani hupati ya nyumba, unapata tu bei ya mtihani basi. So kama unajua utamaliza miezi yote 36 shuleni, ama uliihamisha kwa watoto wako ukiwa bado kazini, kuomba hiyo dola 200 ni kujipunja. Lipa kwa mfuko wako uendelee. Lakini kama wewe ni mtu wa kuchukua leseni moja uingie kazi na miezi mingine itakaa tu bila kutumika, omba kila kitu, usiache hata mtihani mmoja.

Sasa nikuje kwa Mlipakodi. Hoja yako ati ni kodi yako inaongezwa hapo si kweli, juu hiyo pesa tayari ni haki ya huyo mtu, anaikata tu kwa njia ingine. Mtu akitumia siku mbili kwa mtihani serikali haijatoa kitu mpya, mara nyingi inatumia hata kidogo kuliko angeenda chuo. Lakini Mstaafu na wewe pia nikuambie ukweli, ukisema isikatwe kwa miezi, hapo ndio unafanya hoja ya Mlipakodi iwe na nguvu, juu sasa hiyo inakuwa pesa mpya kabisa juu ya miezi 36. Huwezi kula huku na huku. Ni lazima utuambie hiyo pesa mpya inatoka wapi na kwa nini.

MSTAAFU WA TACOMA

Dada Nesi asante, hiyo hesabu kila mtu aisome mara mbili kabla hajajaza fomu. Na swali lako ni la haki, nalijibu.

Ni hela mpya ndiyo, sikatai. Sababu yake ni kwamba leseni ya kwanza baada ya kutoka ni sehemu ya kumtoa mtu jeshini salama, kama vile jeshi linavyomlipia gari la kuhamisha vyombo vyake kumrudisha kwao. Hakuna anayesema gari la kuhamisha vyombo likatwe kwenye GI Bill. Jeshi lilimfundisha kazi kwa miaka, likaitumia hiyo kazi, likamtoa bila karatasi inayotambulika nje. Hilo pengo limetengenezwa na jeshi lenyewe, sio yeye, kwa hiyo kuliziba sio zawadi.

Na Mlipakodi ndugu yangu, hilo la uraia wa haraka nalijua vizuri. Wengi wetu tuliingia kwa ule mpango wa MAVNI, wa jeshi kuchukua wageni wenye lugha au ujuzi maalum, ulioanza 2009, Kiswahili kikiwa kwenye orodha ya lugha walizokuwa wanazitafuta, wengine wakaingia na grini kadi za bahati nasibu. MAVNI ulisimamishwa 2016 na kuna vijana walibaki wananing'inia bila kujua watafanywa nini. Uraia tulipata ndiyo, lakini tuliupata tukiwa tumeshasaini kwenda popote tutakapopelekwa. Sisemi wewe hukuteseka. Nasema usipime haki ya mtu kwa jinsi wewe ulivyonyimwa yako, pengine hata wewe CNA ulitakiwa usaidiwe ule mtihani, na mimi ningekuunga mkono.

DEREVA LORI

Mimi nawaona mnapigania ada ya mtihani kama ndio shida. Kwa lori ada ya mtihani ni kitu kidogo sana, kinachokumaliza ni shule ya kuendesha, hiyo ni maelfu ya dola. Mimi niliendesha malori makubwa jeshini na nikatoka nikaruka mtihani wa barabarani kabisa, juu kuna msamaha wa wanajeshi, uwe umeendesha gari kubwa angalau miaka miwili na uombe ndani ya mwaka mmoja tangu utoke. Mwaka mmoja! Nawajua watu watatu hapa mtaani walipitisha huo mwaka wakiwa wanapumzika, wakaenda shule ya CDL, yaani leseni ya lori, kulipa kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani.

So mimi nasema badala ya kurudisha pesa ya mtihani, ondoeni huo mtihani kwa kazi ambazo mtu ameshafanya. Medic aliyefunga watu vidonda Afghanistan akitoka ana cheti cha EMT tu, kile cha huduma ya dharura, hospitali inamwangalia kama mtu wa ambulansi. Mpe daraja la kufika unesi bila kuanza upya. Hiyo ingesaidia kuliko dola 200.

NESI WA DALLAS

Dereva nakubaliana na wewe nusu. Lori sawa, barabara ni barabara. Lakini unesi hapana, usiniondolee mtihani. Medic ni mtu hodari na kuna vitu anajua kuliko mimi, lakini mgonjwa wa sukari mwenye miaka 70 na dawa kumi na mbili si kazi aliyofanya kule. Apewe kozi fupi ya daraja sawa, mtihani akae. Na kama mtihani unabaki basi swali la nani analipa linabaki palepale.

Kitu kingine hakuna amesema. Kuna maveterani wetu wengi walikuja wakiwa na diploma za Kenya, Tanzania, wengine manesi kabisa wa KMTC, kile chuo cha afya cha Kenya. Hao kabla hata ya NCLEX wanatakiwa vyeti vyao vya nyumbani vikaguliwe na kutafsiriwa kwa mfumo wa huku, na hiyo inakula mamia ya dola. Hiyo hairudishwi juu si mtihani. Kama tunaongea juu ya kubadilisha sheria, hiyo iingizwe kwanza.

BINTI TANGA

Samahani naingia kama mke wa mwanajeshi. Mnaongea kama vile serikali kumlipia mtu mapema haiwezekani, mbona inafanyika kila siku? Sisi wake na waume wa wanajeshi wa vyeo vya chini tuna mpango unaitwa MyCAA, mpaka dola 4,000 kwa leseni na vyeti, na hela inaenda moja kwa moja kwa shule au kwa wenye mtihani, mimi siitoi mfukoni nikasubiri. Mwanajeshi akiwa bado kazini naye Army inamlipia cheti moja kwa moja kwa mwenye kozi. Halafu akivua gwanda tu, mtu yule yule, mtihani ule ule, anaambiwa lipa kwanza leta risiti. Hiyo mimi siielewi kabisa.

Ila na sisi tuangaliwe. Mume akihamishwa kutoka jimbo moja kwenda jingine leseni yangu ya nywele naanza kuhangaika nayo upya. Wanarudisha mpaka dola 1,000 kwa ajili ya hiyo kuhamisha leseni, nashukuru, lakini tena ni ile ile, toa kwanza.

MLIPAKODI HALALI

Binti Tanga hapo umenigusa, hilo la kulipa moja kwa moja kwa mwenye mtihani silipingi, na tena linazuia mtu kuleta risiti za uongo. Lakini bado sijajibiwa kuhusu kufeli bila mwisho.

MZEE WA LOWELL

Vijana naomba nafasi. Nimeishi nchi hii tangu zamani na nimefuatilia hizi sheria, kwa hiyo naleta tahadhari, sio kupinga.

GI Bill ya kwanza Roosevelt aliisaini Juni 1944. Ilisomesha watu milioni 7.8 katika shule na mafunzo ya kazi, ikajenga tabaka zima la watu wa kati. Tusisahau lakini kwamba veterani mweusi wa Kusini alinyimwa mengi kwa sababu utekelezaji uliachiwa watu wa majimbo na benki za huko. Na la pili, shule za ovyo zilichipuka kila kona kula ile hela. Miaka ya karibuni ikawa vile vile, vyuo binafsi vinavyoendeshwa kwa faida viliwawinda maveterani kwa sababu ya ile sheria ya 90/10. Chuo cha aina hiyo hakikuruhusiwa kupata zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake kutoka misaada ya wanafunzi ya serikali kuu, lakini hela ya GI Bill ilikuwa haihesabiwi humo, kwa hiyo kila veterani mmoja alikuwa anawafungulia mlango wa kukamua hela nyingine. Mlango huo ulifungwa na sheria ya 2021 tu, baada ya vyuo vikubwa kama Corinthian na ITT kuanguka na kuacha wanafunzi barabarani.

Sasa Mstaafu ukisema mitihani ilipwe bila kukatwa miezi, bila mwisho, na hela iende moja kwa moja kwa mwenye mtihani, mimi naona makampuni ya vyeti yanazaliwa usiku kucha. Cheti cha hiki, cheti cha kile, vyote dola 1,999, waajiri hawavitambui. Ile kukatwa miezi angalau inamfanya kijana ajiulize kama cheti kina maana kabla hajaenda. Army yenyewe ilipoona mpango wake wa vyeti unakula hela nyingi, mwaka 2024 iliubana. Sio kwa ubaya, ilibidi.

FUNDI NDEGE

Mzee shikamoo. Hoja yako nzito, lakini dawa ya cheti cha ovyo ni kukitoa kwenye orodha, sio kumkata kijana anayetaka cheti cha kweli. Orodha ipo tayari. Waikaze. Kwenye kompyuta kila mtu anajua Security+, kile cheti cha usalama wa kompyuta, inatakiwa kwa kazi nyingi za wizara ya ulinzi, hicho ni cheti cha kweli. Cheti ambacho tangazo la kazi hata moja halikitaji kinafanya nini kwenye orodha?

MSTAAFU WA TACOMA

Marahaba kwa niaba ya Mzee kama atachelewa, haha hapana, namsubiri mwenyewe ajibu. Mzee wangu shikamoo. Nimekusikia, na Dada Nesi pia alinibana, kwa hiyo naweka pendekezo kamili ili tubishane na kitu cha kushika.

Miaka miwili ya kwanza baada ya kutoka jeshini, veterani apewe mitihani miwili ya leseni au cheti bila kukatwa siku hata moja ya miezi yake, na hela iende moja kwa moja kwa anayetoa mtihani kama inavyofanyika kwa wake zetu. Kurudia mara moja kila mtihani kuhesabike humo humo. Ukaguzi wa vyeti vya nyumbani kwa waliosoma nje nao uingie. Baada ya hapo, ukitaka vyeti vingine, turudi kwenye utaratibu wa sasa wa kukatwa kwa kiasi. Mzee tahadhari yako imo, hakuna kampuni itatajirika kwa mitihani miwili ya mtu mmoja. Na kikomo cha dola 2,000 kipandishwe kila mwaka na gharama za maisha, kama vile kikomo cha ada za vyuo binafsi kwenye GI Bill hiyo hiyo kinavyopandishwa kila Agosti. Kwa nini cha mwenye chuo kipande na cha fundi kigande tangu 2001?

Hii ni ya Bunge la Marekani, kifungu cha 3315 cha sheria za maveterani, sio ya ofisi ya mkoa, kwa hiyo kupiga simu kumfokea mtu wa kaunta hakusaidii. Mwandikie mbunge wa wilaya yako, taja kifungu.

MLIPAKODI HALALI

Mitihani miwili, mara moja kurudia, miaka miwili. Hiyo naweza kuishi nayo, ina mwisho. Ila hiyo ya kurudia mimi nasema alipe nusu. Mtu akifeli NCLEX anasubiri siku 45 kabla ya kurudia, siku 45 zinatosha kutafuta dola 100.

NESI WA DALLAS

Zinatosha kama uko na kazi. Ile kazi ndio anatafuta hiyo leseni aipate. Hapo hatuelewani na wewe, na sitabadilisha.

DEREVA LORI

Na msamaha wa lori ufanywe miaka miwili pia, si mwaka mmoja. Mstaafu ongeza hiyo kwa barua yako nitaisaini.

MSTAAFU WA TACOMA

Hiyo iko chini ya usafirishaji, sio maveterani, kwa hiyo inataka barua yake. Iandike wewe Dereva, umeishi nayo, mimi nitasaini ya kwako na wewe usaini ya kwangu. Mzee wa Lowell bado tunakusubiri kuhusu orodha.